Huyu Maina si wa Murang'a: Vile utamtambua ndege mweusi anayeongea kama mtu, na mahali anaishi

Labda ushaiona kwa simu yako. Ndege mweusi tii, mdomo wa rangi ya chungwa, amesimama ndani ya kizimba. Mwenye nyumba anamwambia "halo," na yeye anajibu "halo" na sauti nzito ya mzee wa kanisa. Anakohoa. Anapiga mluzi. Anaiga simu ikilia mpaka watu wa hiyo nyumba wanaanza kupapasa mifuko. Unacheka, unaituma kwa grupu ya familia, na kabla chai ipoe mabishano yameanza.

Anko anasema huyo ni kasuku. Binamu anasema ni kunguru amepakwa lipstiki. Halafu kuna yule mjuaji wa kila grupu anasema hiyo video imetengenezwa na kompyuta, hakuna ndege anaongea hivyo.

Wote watatu wamekosea. Huyo ndege anaitwa maina.

Ndiyo, Maina. Najua umefikiria nani. Kila Mkenya ana Maina wake: Maina wa boda, Maina wa hadwea, Maina mlisoma naye na mpaka leo hajarudisha mia mbili yako. Kwa Wakikuyu jina hilo ni la zamani sana, lilikuwa hata jina la rika. Lakini huyu wa manyoya jina lake limetoka kwa Kihindi, na yeye na Murang'a hawajuani. Majina tu ndiyo yamegongana.

Sasa tulia, tukupe rada yote: vile utamjua ukimwona, anaishi wapi, na mbona anaongea. Usiishie hapo kwa kicheko pia, juu hiyo sauti unayoipenda ndiyo inamtoa huyu ndege msituni.

Mcheki hivi

Kwanza ujue "maina" si ndege mmoja. Ni jina la ndege kadhaa wa Asia, wote wa ukoo wa kwezi. Yule wa hizo klipu, yule bingwa wa kuongea, ni maina wa milimani. Wanasayansi wanamwita *Gracula religiosa*. Huyu ndiye tunamfuata leo.

*Saizi.* Kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia ni kama sentimita 27 hadi 29. Chukua ile rula ya shule ya sentimita 30, hapo uko karibu kabisa. Mwili wake umejaa na mkia ni mfupi.

*Manyoya.* Ni meusi, lakini akikaa juani unaona zambarau na kijani zikicheza, kama mafuta ya gari yamemwagika kwa maji ya mvua pale steji.

*Mdomo na miguu.* Mdomo ni mnene, rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, na ncha yake ni ya njano. Miguu pia ni ya njano, tena imekaza.

*Kichwa.* Hapa ndipo kitambulisho chake kiko. Ana vipande vya ngozi tupu, bila manyoya, rangi ya njano kali. Vinaanzia chini ya jicho, vinazunguka hadi kisogoni, na vingine vinaning'inia kama hereni. Ukiona ndege mweusi anang'aa na ana hizo ngozi za njano kichwani, mchezo umeisha. Ni yeye.

*Bawa.* Akikaa huoni kitu. Akiruka, baka jeupe linatokea kwa kila bawa.

*Mwendo.* Kwezi wengi hutembea chini kama watu wana haraka ya kufika job. Maina wa milimani ni wa juu ya miti, na akiwa kwa tawi anaruka-ruka kando kando badala ya kutembea.

Jambo moja zaidi: dume na jike wanafanana. Usijifanye mtaalamu ati huyu ni chali na huyu ni dem kwa kuangalia manyoya tu.

Wale watu humchanganya naye

Hapa ndipo wasee wengi huanguka, kwa hivyo twende polepole.

Wa kwanza ni binamu yake, maina wa kawaida, *Acridotheres tristis*. Huyu mwili wake ni wa kahawia, kichwa cheusi, na ana kipande cha njano kuzunguka jicho. Yeye ndiye mhasla wa mtaa. Anatembea barabarani, anaokota makombo, anajenga kiota kwa paa la nyumba. Ukimwona ndege wa kahawia akidunda chini kwa klipu ya Mumbai au Durban, huyo ni wa kawaida, si wa milimani.

Wa pili ni maina wa Bali. Huyu hata huwezi kumchanganya ukishaambiwa: ni mweupe kama theluji, ncha za mabawa na mkia ni nyeusi, ngozi ya macho ni ya buluu, na ana manyoya marefu kichwani yanayolala nyuma. Asili yake ni kisiwa kimoja tu duniani, Bali, kule Indonesia.

Wa tatu ni wetu wa hapa nyumbani. Kenya tuna kwezi wengi, na wote ni jamaa za maina. Yule mdogo wa mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu na mstari mweupe kifuani, mwenye huja kuomba chipo ukikula nje Naivasha au Nanyuki, ni kwezi. Yule mweusi wa Nairobi mwenye mabawa yana wekundu wa kahawia, anayekaa kwa magorofa ya tao, pia ni kwezi. Halafu kuna mmoja anayeweza kukuangusha vibaya: kwezi fulani anayefuata nzige. Msimu wa kuzaa, dume wake hupoteza manyoya ya kichwa, anabaki na ngozi ya njano na vinyama vyeusi vinavyoning'inia. Ukimwona utaapa umepata maina. Lakini angalia mwili: huyo ni wa kijivu hafifu, si mweusi wa kung'aa.

Kasuku na kunguru? Kasuku ana mdomo uliopinda kama ndoana. Kunguru hana njano yoyote kichwani. Mwambie anko apumzike.

Sasa anaishi wapi?

Maina wa milimani ni wa Asia ya joto na mvua. Anza chini ya milima ya Himalaya, upande wa India, Nepal na Bhutan. Shuka Bangladesh na Myanmar, ingia Thailand, kusini mwa Uchina, Laos, Kambodia na Vietnam. Endelea Malaysia, halafu visiwa vya Indonesia kama Sumatra, Java na Borneo, hadi Palawan kule Ufilipino. Huo ndio mtaa wake.

Kusini mwa India na Sri Lanka kuna ndugu zake wa karibu sana, na zamani wataalamu wengi waliwaweka wote kwa kapu moja. Siku hizi wengi wanawahesabu kuwa ndege tofauti. Sri Lanka ina wake ambaye haishi kwingine kokote. Kisiwa cha Nias, kando ya Sumatra, nacho kina wake, jitu la huo ukoo.

Anapenda msitu wenye unyevu, na usidanganywe na hilo jina la milimani: anapatikana kutoka nyanda za chini hadi kama mita 2,000 juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700 hivi, kwa hivyo urefu wa hapa haungemsumbua. Kitu angekosa ni msitu mkubwa wa miti mirefu.

Mbona miti mirefu? Juu maisha yake yote yako huko. Anakula matunda, anakunywa utamu wa maua, anaongeza wadudu kiasi. Tunda analolipenda sana ni la mkuyu. Hapo sasa jina lake linarudi nyumbani kidogo, juu mugumo wa Wakikuyu pia ni wa ukoo wa mikuyu. Akila matunda anabeba mbegu tumboni na kuziangusha mbali, kwa hivyo anapanda msitu bila kuandikwa kazi na mtu.

Kiota ni shimo ndani ya mti, la asili au lililotobolewa na kigong'ota. Humo jike hutaga mayai 2 au 3 hivi, ya buluu yenye madoadoa. Hiyo nambari iweke akilini, tutairudia.

Hii sauti anaitoa wapi?

Ndege hana kisanduku cha sauti kooni kama wewe. Chombo chake kiko chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kuingia mapafu mawili. Maina wa milimani anakidhibiti fiti sana, ndiyo maana anaweza kutoa sauti nzito ya mwanamume na dakika hiyo hiyo mluzi mwembamba.

Lakini kuna kitu kitakushtua. Akiwa huru msituni, maina wa milimani haigi watu, na haigi hata ndege wa aina nyingine. Kumbe anafanya nini? Anasikiliza majirani wake, maina wenzake.

Hii ilichunguzwa miaka ya 1960 na mwanasayansi Mwingereza, Brian Bertram, aliyewafuata hawa ndege huko Assam, India. Jina lake linaweza kuwa geni kwako lakini kazi yake ilimleta hadi huku kwetu: baadaye alisoma simba wa Serengeti na mbuni wa Tsavo Magharibi. Kwa maina aligundua kwamba kila ndege ana milio yake kati ya 3 na 13, na ameisoma kutoka kwa majirani akiwa mdogo, hasa wale wa jinsia yake. Majirani wanashiriki milio. Lakini ukienda mbali kama kilomita 15, ndege wa huko na wa hapa hawana hata mlio mmoja unaofanana.

Sasa wewe mtu wa Nairobi hii unaijua vizuri kuliko profesa yeyote. Hiyo ni Sheng! Msee wa Kayole ana maneno yake, wa Kibra ana yake, wa Rongai akishuka mathree tao anaanza kutafsiriwa. Kilomita 15 ni kama kutoka tao hadi Kasarani na kidogo. Maina naye ana lugha ya mtaa, na mtoto anaishika kwa kusikiliza wakubwa wake.

Kwa hivyo fikiria kifaranga ametolewa shimoni kabla hajafungua masikio vizuri. Anawekwa kizimbani, kwa nyumba ya watu. Hakuna baba, hakuna jirani, hakuna mtaa. Bado kichwa chake kimeumbwa kutafuta lugha ya walio karibu. Walio karibu ni mama anayejibu simu, babu anayekohoa, na mlango unaolia. Basi anaishika hiyo.

Ile "halo" inayokuchekesha ni ya mtoto aliyetafuta majirani akakosa, akajifunza lugha ya pekee iliyokuwa pale.

Pesa ndani, ndege nje

Hapo ndipo shida iko. Maina anayeongea vizuri ni yule aliyechukuliwa akiwa mdogo. Mwenye biashara hataki ndege mzima, anataka kifaranga. Na tulisema kiota kina mayai 2 au 3 pekee. Mtu akipanda mti mmoja na kubeba wote, huo mzao umeisha. Akirudi kwa shimo hilo hilo mwaka ujao, na mwingine, wazee wanabaki wakizeeka bila wa kuwarithi. Ongeza misitu inayokatwa, na mashimo ya kutagia yanapungua pia.

Ndiyo maana mwaka wa 1997, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Harare, Zimbabwe, nchi zilikubaliana kumweka maina wa milimani kwenye Orodha ya Pili. Maana yake ni kwamba kumvusha mpaka kunahitaji kibali rasmi. India nayo inamlinda kwa sheria yake ya wanyamapori ya 1972. Majimbo mawili ya huko, Meghalaya na Chhattisgarh, yamemfanya ndege wao rasmi.

Tuseme ukweli wote: ukimhesabu dunia nzima, maina wa milimani bado hajaorodheshwa kati ya ndege walio hatarini. Mtaa wake ni mkubwa sana. Lakini idadi yake inashuka, na kuna sehemu za Asia ambapo watu walimzoea mitini na leo wanamjua kwa vizimba tu. Ndugu yake wa Nias ameshikwa mpaka amekuwa adimu kabisa kwa msitu wake mwenyewe. Na yule mweupe wa Bali ndiye onyo kubwa zaidi: alipendwa na wenye vizimba hadi ilipofika 2001, waliobaki huru msituni walikuwa kama sita. Sita, msee. Hao hata mathree ya abiria 14 hawajazi nusu.

Kuna watu waliojaribu njia ya kati. Kwenye milima ya Garo, Meghalaya, wanakijiji walikuwa wanatengeneza viota vya mianzi iliyopasuliwa na nyasi, wanavitundika juu ya miti karibu na kijiji, kama vile Wakamba hutundika mizinga ya nyuki. Maina anakuja mwenyewe, anataga, nao wanachukua makinda lakini wazazi wanaachwa huru. Bado ni kuchukua, ndiyo. Lakini aliyetundika kiota ana sababu ya kuuacha mti usimame.

"Mimi nataka mmoja, naagiza wapi?"

Tulijua utauliza. Jibu fupi: wacha hiyo story.

Kenya ni mwanachama wa CITES, na KWS ndiyo inashughulikia vibali. Ukikutana na mtu mtandaoni anakuambia ati atakuletea ndege anayeongea bila karatasi, umtume tu doh, ujue mambo mawili yanawezekana. Ama hiyo pesa imeenda na hakuna ndege, ama ndege yuko na wewe uko kwa kesi.

Halafu kuna hasara ya pili, na hii Wakenya wa Pwani wanaijua. Uliza mtu yeyote wa Mombasa au Malindi kuhusu kunguru. Wale wa shingo ya kijivu si wa huku, ni wa India, na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Leo wanaiba chakula mezani na kula mayai na makinda ya ndege wetu. Mwaka wa 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Milioni moja, kwa kosa la zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Maina wa kawaida, yule wa kahawia, ana historia kama hiyo. Mwaka wa 1762 alipelekwa Mauritius ili ale nzige. Durban, wale waliotoroka vizimbani waliteka mji, wakasonga hadi Johannesburg. Mwaka wa 2000 IUCN ilipotoa orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, ni ndege watatu tu walioingia, na yeye alikuwa mmoja wao. Kizimba kikiachwa wazi dakika moja, watu wa kulipa deni ni wajukuu.

Klipu ikikupata tena

Kabla uitume kwa grupu, fanya hivi. Angalia kichwa: kama ngozi ya njano iko na mwili ni mweusi wa kung'aa, mwambie anko jina lake. Angalia nyuma yake: ni tawi la mti ama ni waya wa kizimba? Na kama kuna namba ya simu chini na bei, usiisambaze, juu hapo ushageuka broka bila kulipwa.

Kama umependa ndege wanaopiga kelele za ajabu, toka nje. Kwezi wetu wako Arboretum, wako Karura, wako hata kwa paa la ofisi yenu. Ni jamaa za maina, wanang'aa, na kuwaangalia ni bure. Kaa kimya dakika tano uone kama utaelewa Sheng yao.

Na ukikutana na Maina wa hadwea, mwambie kuna ndege wa jina lake kule Asia anamsalimia. Halafu umkumbushe ile mia mbili.